Diski ya nje, Drive ao storeji ya obijekti: uko Goma, utachagua nini?

Batu ba foto, ba video, ba radio, ba NGO ndogo ndogo, hata bavijana bale banatengenezaka aplikasio, bote hapa Goma banauliza swali moja: data imejaa, diski ya nje imeanza kutoa sauti mbaya, tuweke wapi? Na jibu yenye banapata ku intaneti ni "weka S3" (storeji ya obijekti ya Amazon) ao "weka Drive" (ya Google), inaishia pale, hakuna mwenye anauliza mutu iko na nini na koneksio yake iko namna gani. Mimi nafanyaka kazi ya seva na bakapu, basi nitasema upande wangu mbele: storeji ya obijekti ni nzuri sana kwa vitu vyenye vimeisha, ni mbaya kwa vitu vyenye ungali unafanyia kazi, na ukichagua kampuni kwa kuangalia bei ya kuweka peke yake, utalia siku ya kutoa data yako kule.

Tuelewane kwanza ni kitu gani, juu bengi banaichanganya na Drive.

Ku ordinatere yako uko na dosie ndani ya dosie, unafungua faili, unabadilisha mustari moja, unafunga, diski inaandika pale penye pamebadilika. Hiyo njo storeji ya faili, na NAS (kisanduku cha diski chenye mashine zote za biro zinafungua) inafanya vile vile kwa batu bengi pamoja. Storeji ya bloku nayo ni diski tupu ya ku klaudi, unaifunga ku mashine moja, ile mashine inaiona kama diski yake mwenyewe, hapo njo sistemu na database vinakaaka (ku Amazon banaiita EBS). Obijekti ni habari ingine kabisa. Ni kama kuacha mufuko ku depo kule Birere: banaufunga, banakupatia namba, ukirudi na ile namba banakurudishia mufuko muzima, lakini huwezi kubaambia bafungue babadilishe shati moja tu ndani. Faili yako inaingia nzima, na ukitaka kurekebisha herufi moja unatuma faili nzima upya. Inaendeshwa kwa amri chache za HTTP, PUT ya kuweka, GET ya kuchukua, DELETE ya kufuta, kwa hiyo programu yoyote yenye inaweza kufungua ukurasa wa intaneti inaweza pia kuongea nayo.

Vitu vyote vinaingia ndani ya baketi (chombo kimoja chenye jina lake), na baketi haina dosie. Unaona "arusi/2024/himbi/film.mp4" unafikiri kuko dosie tatu, kumbe lile lote ni jina moja refu la obijekti moja, ile alama ya mkwaju ni herufi kama zingine. Unaweza kusema haina maana, lakini siku utataka kubadilisha jina la "dosie" yenye iko na foto 8.000 ndani, programu italazimika kukopia obijekti 8.000 kwa majina mapya kisha kufuta 8.000 ya zamani, na kila amri ya kukopia inahesabiwa ku fakitire. Kwa hiyo majina yapange vizuri tangu siku ya kwanza.

Kwa nini basi dunia nzima inaipenda? Juu inapanuka bila mwisho, hununue diski mbele, unalipa yenye unatumia, na inavumilia kufa kwa mashine. Amazon ilifungua S3 tarehe 14 Machi 2006, wakati ule GB moja ilikuwa senti 15 za dola kwa mwezi, leo ku seva zao za Virginia, Amerika, ni senti 2,3. Kwa kulinda data, banakata faili yako vipande na kuongezea vipande vya kurekebishia. Backblaze, kampuni ingine ya storeji, balielezaka wazi namna yao: vipande 17 vya data na 3 vya kurekebishia, vinasambazwa ku mashine 20 tofauti, na 17 yoyote inatosha kujenga faili nzima, maana mashine tatu zinaweza kufa pamoja na wewe hata hutajua. S3 ya kawaida inaweka vitu vyako ku zone (vikundi vya majengo ya seva) zisizopungua tatu zenye ziko mbali kidogo, na Amazon banasema imetengenezwa kwa uimara wa asilimia 99,999999999. Ile ni tisa kumi na moja.

Lakini ile tisa kumi na moja ni juu ya diski zao kufa. Haikulinde wewe na mukono yako. Ukifuta, imefutika kila fasi, mara moja, na uimara wote ule. Kama unaweka bakapu, washa vesheni ku baketi (kila faili ikibadilishwa ao kufutwa, ile ya zamani inabaki), na kama ni vitu vya maana sana weka kufuli ya obijekti, yenye inakataza hata wewe mwenye akaunti kufuta mbele ya tarehe fulani. Mwizi mwenye ameiba laptop yako na paswedi ndani hataweza kufuta, virusi vya kuomba pesa navyo hapana.

Sasa tulinganishe.

Diski ya nje mbili. Ni bei chini, haiombe mega, inapiga mbio, ukiwa unamontisha video ni hiyo tu. Shida yake sisi ba Goma tunaijua kuliko batu bengi: diski na bakapu ya diski viko ku meza moja, nyumba moja, mutaa moja. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji, tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ikatoka tena, na siku tano kisha sehemu ya mji ikaambiwa ihame, batu bakaenda Sake, bengine Minova, bengine Gisenyi, kila mutu na chenye mukono ulishika. Hata bale ba Ulaya bako na yao: tarehe 10 Machi 2021 jengo moja la OVHcloud kule Strasbourg liliungua lote, na bakiliya benye seva na bakapu vilikuwa pale pale balipoteza vyote viwili. Kwa hiyo diski ndiyo, lakini moja ikae kwa ndugu ku Bukavu ao ku Lubumbashi, isikae chini ya kitanda kimoja na ile ingine.

NAS. Nzuri kwa biro yenye batu 5 ao 10 banafungua faili moja moja siku nzima. Inaomba kuran ya kudumu na mutu wa kuiangalia. Na ni kifaa kimoja ndani ya nyumba moja, ile RAID ndani yake (diski kadhaa zenye zinafanya kazi pamoja kama moja) haikuwe bakapu, msiniambie ni bakapu.

Google Drive na ndugu zake. Hapa nitatofautiana na ba informatisien benzangu: kwa batu bengi Drive inashinda S3. Uko na Word, Excel, PDF, foto za misioni, batu tatu ba biro, jumla GB 80? Chukua Drive, GB 15 ni ya bure, TB 2 ni kama dola 10 kwa mwezi, iko na kioo chenye kila mutu anaelewa, unafungua ku telefoni, unagawa na mwenzako, basi. Storeji ya obijekti haina kioo kizuri kwa batu ba kawaida, imetengenezwa kwa ajili ya programu. Drive inaanza kukushinda pale data inapita TB kadhaa, ao pale unataka aplikasio yako ndiyo iweke na kuchukua vitu yenyewe, ao pale akaunti ni ya mutu moja mwenye ameacha kazi (iko kila biro, tusidanganyane). Na tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti ya mutu binafsi yenye haijaguswa miaka 2, kwa hiyo ile email ya zamani yenye mulifichamo foto zote za mradi, muifungue saa zingine.

Storeji ya obijekti: film zenye zimeisha, foto zenye zimetolewa kwa kiliya, archive ya emisio za radio, bakapu ya database, picha za aplikasio, skani za dosie za zamani. Vitu vyenye vinaandikwa mara moja, vinasomwa mara kwa mara ao hata havisomwe. Database yenyewe usiiweke pale, weka nakala yake. Na usijaribu kumontisha video ndani ya baketi, kuko programu zenye zinafanya baketi ionekane kama diski, zinafanya kazi kwa kusoma, lakini ukianza kuandika andika utaona mwenyewe vile inakokota.

Tufike ku kampuni, juu hapa njo pesa inapotelea. Nachukua studio moja ya kawaida, TB 2 ya vitu vyenye vimeisha. Bei ni zile kampuni zenyewe zimetangaza, kwa dola, zinabadilikaka, uangalie tena mbele ya kulipa:

S3 ya kawaida (Virginia): kuweka 46 kwa mwezi, kutoa TB 2 zote 171
Cloudflare R2: kuweka kama 30, kutoa 0
Backblaze B2: kuweka 12, kutoa 0
Wasabi: kuweka kama 14, kutoa 0 lakini na masharti
S3 Glacier Deep Archive: kuweka 2, kutoa kati ya 176 na 211

Angalia mustari ya mwisho vizuri. Dola 2 kwa mwezi, kila mutu macho inang'aa. Lakini ile vitu iko inalala: ukiomba unangoja mupaka masaa 12, ukichagua njia ya bei chini mupaka masaa 48, unalipia kuamsha, kisha unalipia kutoa kwa bei moja na S3 ya kawaida (GB 100 za kwanza kila mwezi ni bure, zingine senti 9 kila GB), na ukifuta mbele ya siku 180 unalipa siku zenye zimebaki kama vile haujafuta. Tena ukiweka pale vitoto vya faili mamilioni inakula pesa ku amri: kuweka obijekti 1.000 ni senti 5, milioni moja ni dola 50 hata kama zote pamoja ni GB 3. Kwa hiyo Deep Archive ni ya nani? Ni ya mutu mwenye diski zake mbili ziko, anataka nakala ya tatu yenye anaomba Mungu asiiguse hata siku moja. Kwa huyo, kweli, hakuna yenye inaishinda. Faili ndogo uzifunge kwanza ndani ya zip ao tar kubwa.

S3 ya kawaida mimi siipendekeze kwa studio wala kwa radio ya hapa. Si mbaya, ni nzuri kuliko zote kwa mambo mengi, iko na kila kitu, maelezo kila fasi, na bengine bote banaiga lugha yake. Lakini ile nguvu yake inaonekana pale seva zako nazo ziko kwa Amazon, juu data ikizunguka ndani ya rejio moja (eneo moja la seva zao) haulipe kutoa. Kama seva haiko kule, unalipia tu jina. Mutu atasema "lakini iko na rejio ku Cape Town, iko Afrika, karibu na sisi". Ndiyo, ilifunguliwa 2020, Azure ya Microsoft nayo iko Johannesburg tangu 2019, Google tangu 2024. Ila Cape Town iko bei juu kuliko Virginia, kwa kuweka na kwa kutoa zaidi sana, na ukaribu wa ramani haukuwe ukaribu wa kebo, pima mwenyewe na koneksio yako. Kwa bakapu yenye inapanda usiku, kama jibu linachelewa kidogo haileti tofauti yoyote.

Inabaki B2 na R2, na hapa njo uchaguzi wa kweli kwa batu kama sisi. B2 inahesabu dola 6 kwa TB kwa mwezi, ile bei ya tangu Oktoba 2023, na inakuruhusu kutoa bure mara tatu ya yenye umeweka kila mwezi, ukipita unalipa senti 1 kwa GB. R2 inaomba senti 1,5 kwa GB, maana mara mbili na nusu ya B2, lakini kutoa ni bure hata ukitoa mara mia. Zote mbili GB 10 za kwanza ni bure. Ukiwa na vitu vingi vyenye havitembee, B2. Ukiwa na vitu kidogo vyenye vinatembea sana, R2.

Mufano ya pili, juu ule wa kwanza ulikuwa wa studio. Kijana iko na aplikasio ya kuuza vitu, foto za bidhaa zote ni GB 20, na batu banashusha jumla GB 300 kila mwezi. Ku S3 atalipa senti 46 za kuweka na dola 18 za kutoa. Ku B2 senti 6 za kuweka na kama dola 2,40 za kutoa. Ku R2 senti 15, imeisha, labda na amri kidogo kama amepita zile za bure (kusoma milioni 10 na kuandika milioni 1 kwa mwezi). Unaona vile ile yenye ilikuwa bei juu ku TB 2 inakuwa bei chini hapa. Njo maana nakasirikaka kidogo mutu akiniuliza "gani ni bei chini?" bila kuniambia data inatembea namna gani.

Wasabi nitapita haraka: bei nzuri, lakini unalipia TB 1 hata ukiweka GB 50, unalipia siku 90 hata ukifuta kesho, na kutoa bure ni kama hautoe kwa mwezi kuliko yenye umeweka. Radio yenye archive kubwa inaweza kufurahi. Mwenye anaanza, hapana.

Yote hii ni pesa ya kampuni. Kuko pesa ingine yenye hakuna kampuni inakuandikia, ni koneksio yako ya kupandisha. Hesabu ni ya shule: koneksio ya megabiti 10 kwa sekunde kwa kupandisha, yenye inafanya kazi bila kukatika, inapandisha GB 60 kwa saa 13 na kitu. TB 2 inaomba siku 18 na nusu, usiku na mchana. Koneksio ikiwa megabiti 3, ile TB 2 ni miezi miwili. Na kama unalipia mega kwa forfe, ukihesabu utaona kwamba kupandisha kunakula pesa kuliko mwaka muzima wa B2. Kwa hiyo swali la kwanza kwa studio si "kampuni gani", ni "nini kinastahili kupanda". Arusi moja iko na RAW (foto nzito zenye kamera inatoa mbele ya kutengenezwa) labda 8.000 za MB 30, hiyo ni GB 240. Lakini JPEG 600 zenye umempatia kiliya, za MB 10, ni GB 6, zinapanda kwa saa moja na dakika 20 ku ile megabiti 10. Pandisha hizo na film ya mwisho. RAW zibaki ku diski mbili fasi mbili, na kama kuko mwenye anasafiri, apeleke diski ku mukono, hakuna kebo yenye inashinda mutu na mufuko.

Kuran ikikatika katikati ya kupandisha inakuwa namna gani? Hapa kuko mutego. Faili kubwa zinapandishwaka kwa vipande (ku S3 amri moja ya kuweka inaishia GB 5, ukipita ile ni lazima vipande), na kama kazi ilikatika, vile vipande vyenye vimeshafika vinabaki kule, hauvione ukiangalia orodha ya faili, lakini fakitire inaviona. R2 inavifuta yenyewe kisha ya siku 7. Ku S3 ni wewe unaweka sheria ya muda ku baketi, "futa vipande vyenye havijamalizika kisha ya siku 7", ni dakika mbili ya kazi. Na programu ya kupandisha yenye bengi tunatumia, rclone, ukiizima katikati ya faili moja, ukirudi inaanza ile faili upya tangu zero, zenye zilimalizika haizigusi. Kwa hiyo usitume faili moja ya GB 60, kata vipande vya GB 2 ao 3, kuran ikienda umepoteza kidogo. Iko pia na namna ya kupunguza mbio mchana na kuachilia usiku, kwa mfano --bwlimit "08:00,512K 19:00,off", ili batu ba biro basikupigie makelele.

Tahadhari moja ya rclone: "copy" na "sync" si kitu kimoja. "Sync" inafanya kule kufanane na huku, maana kama huku diski yako imefunguka tupu, kule nako itafuta. Kwa bakapu tumia "copy", na vesheni iwe imewashwa.

Kumpa kiliya film yake: usifungue baketi kwa dunia nzima. Tengeneza linki iliyosainiwa, yenye inakufa yenyewe, ku S3 inaweza kuishi mupaka siku 7. Na hapa tena kumbuka kutoa: film ya GB 4 yenye familia 50 banashusha, bengine bako Montreal, bengine Brussels, ni GB 200, ku S3 ni dola 9 yenye kiliya hakulipia, ku R2 zero.

Kwa klinike na ba avoka mambo inabadilika kidogo. Kuko Kode ya numeriki ya Machi 2023, sheria ya Kongo juu ya mambo ya digitali, iko na sehemu ya kulinda data za batu, na jina la mugonjwa na ugonjwa wake si vitu vya kutupa ku baketi na kusahau. Mimi nasema: ficha data mbele haijatoka nyumbani (rclone iko na "crypt", inafunga kila kitu ku ordinatere yako, kampuni inaona takataka tu), na ule ufunguo uandike ku karatasi mbili ndani ya bahasha mbili fasi mbili. Ukipoteza ufunguo, hakuna kampuni ao mutu mwenye atakurudishia kitu.

Bengine banasema "tujiwekee yetu wenyewe". Inawezekana, juu ile lugha ya S3 kuko programu za bure zenye zinaiongea. MinIO njo ilikuwa jina kubwa, lakini 2025 balitosha sehemu kubwa ya kioo cha usimamizi ku toleo la bure na kisha bakaacha kutoa toleo tayari kwa bale ba bure, kwa hiyo leo sianzishe mutu mupya pale. Garage, ya chama moja ya Ufaransa yenye inaitwa Deuxfleurs, inanipendeza zaidi kwa hali yetu: ilitengenezwa kwa mashine ndogo zenye ziko fasi tofauti na koneksio ya kawaida, unaweza kuwa na moja Goma, moja Bukavu, moja Lubumbashi, na kila faili inakaa fasi zote tatu. Haina vesheni, hilo ulijue. Na inaomba mutu mwenye anajua, kwa kila mji, mwenye anapokea simu usiku. Kwa shirika yenye biro tatu, ndiyo. Kwa studio, hapana, lipa dola 12 na ulale.

Sasa kulipa, juu hapa njo batu ba Goma banaangukaka hata kama bamechagua vizuri. Hizi kampuni kwa kawaida zinataka karte, hazijue mobile money yetu. Mabenki ya hapa yalifunga milango Januari 2025, na karte yenye haipite mwezi moja, miwili, akaunti inasimamishwa, na kisha ya muda data inafutwa, hakuna mwenye atakupigia simu. Kwa hiyo mbele ya kuchagua kampuni, chagua mulipaji: ndugu mwenye iko Lubumbashi ao ku inje, mwenye karte yake inapita, na kampuni yenye inakubali kuweka karte mbili. Email ya akaunti iwe ya shirika, si ya kijana wa informatike, na ile kode ya kuthibitisha isiwe ku telefoni ya mutu moja peke yake. Weka pia taarifa ya bajeti, ikipita dola fulani ikutumie email, ku Amazon zaidi, juu kule haina kizuizi chenye kinasimamisha matumizi kikifika fasi fulani, inakuambia tu.

Na mbele ya kupandisha TB nzima, jaribu na GB 5. Zipandishe, nenda ku ordinatere ingine, ya rafiki, yenye haina kitu chako, zishushe pale, kisha endesha "rclone check" ilinganishe. Ukiona saa ngapi imechukua na fakitire ya ule mwezi imesema nini, utakuwa unajua kampuni yako kuliko mutu yeyote mwenye atakuuzia maneno.